Kuaga tunajua, kukabidhi je? Uzi wa wastaafu, waliohamishwa na waliohamiwa (Dodoma)

Mtumishi wa Kisasa

Wakuu, habari za jioni.

Mwaka huu natimiza miaka 60, na kwa mtumishi wa umma hapo ni kustaafu, hakuna mjadala. Ile ya hiari ya 55 niliiacha ipite, ada za watoto hazikuwa na utani. Wakati huohuo mchungaji wetu kapata uhamisho, ibada ya kumuaga ni mwezi ujao na mimi nimetupiwa kamati ya zawadi. Na nyumbani kuna swali ambalo mama watoto analirudia kila tukimaliza kula: tunabaki Dodoma au tunarudi Tukuyu? Yaani mambo matatu yamenijia kwa mkupuo kabla mkupuo wenyewe wa mafao haujaingia benki.

Nina hoja moja tu. Sisi tunajua sana kuaga. Kukabidhi hatujui.

Nianze na ofisini. Makabidhiano yapo, tena ya maandishi. Unaorodhesha viti, kompyuta, funguo za kabati, mafaili yaliyo mezani. Anayekupokea anasaini, mkubwa wenu anasaini, nakala inaenda masijala. Safi. Ila kinachofanya kazi iende hakimo kwenye ile hati. Malipo yakikwama unaanzia kwa nani. Faili lipi lina ugomvi wa miaka ndani yake, ukiliamsha bila kujua limekula kwako. Kijiji gani ukienda bila kupita kwanza kwa mzee fulani utahutubia miti. Hayo yanaondoka na mtu.

Nililiona vizuri wakati serikali inahamia huku kutoka Dar. Tamko lilitoka tarehe 25 Julai 2016, Siku ya Mashujaa, hapahapa Dodoma, baada ya uamuzi wenyewe kulala kwenye makaratasi tangu 1973. Waziri Mkuu akatangulia Septemba, sisi wengine tukafuata kwa awamu. Wenzetu waliokaribia umri wakaachwa wamalizie Dar. Mafaili yakaja kwa malori. Waliojua kuyasoma wakabaki Mbagala na Kimara. Ofisi yetu ilikaa muda mrefu ikimpigia mzee mmoja mstaafu kumuuliza barua fulani iko jalada gani, naye anajibu huku anamwagilia mchicha. Hakuwahi kununa. Nadhani alifurahi kuulizwa.

Kanisani ni kinyume chake. Kuaga kule ni shughuli. Kwaya zote zinaimba, risala inasomwa na mtu anayelia kabla hajafika aya ya pili, anakuja mbuzi, vinakuja vitenge, linakuja godoro, mwisho friji. Jumatatu yake anafika mchungaji mpya na hakuna anayejua daftari la ubatizo la miaka ya nyuma liko wapi (liko kwa mzee mmoja wa kanisa, chini ya kitanda), hati ya kiwanja imeshikwa na nani, na lile deni la mabati lilifikia wapi. Mwezi wa tatu mwenye duka la vifaa anakuja kudai ibadani.

Jiji sasa. Hili nalo lina mtindo wake: kinaisha kitu, kinaanza kingine, bango linabadilishwa. CDA, yaani Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, iliundwa 1973 kuujenga mji huu. Mei 2017 Rais Magufuli akaivunja, kazi zake zikaenda manispaa, na tarehe 26 Aprili 2018 manispaa yenyewe ikatangazwa jiji. Wengi tulishangilia, zile hati za viwanja za miaka 33 zilikuwa zimechosha watu na habari ya miaka 99 ilikuwa tamu masikioni. Sina ugomvi na uamuzi. Lakini nawafahamu wazee wa Makole ambao hadi leo wanatunza risiti za enzi zile kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu waliowajua kwa sura na kujua kiwanja chao kilivyopatikana walishatawanyika.

Karibuni mchangie. Wa kutukana apite pembeni.

Kambi Popote

Nimeweka kambi. Ngoja waje wenye umri.

Mzee wa Masijala

Mdogo wangu, falsafa nzuri, ila umehakiki michango yako?

Mimi nilitoka miaka michache iliyopita. Unajua mifuko minne ya pensheni, PSPF, LAPF, PPF na GEPF, iliunganishwa 2018 ikawa mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF. Aliyeanza kazi zamani kumbukumbu zake zimepita mikono mingi. Usisubiri mwezi wa mwisho. Nenda na barua ya ajira ya kwanza, ya kuthibitishwa kazini, za kupandishwa cheo, na kitambulisho cha NIDA. Angalia jina herufi kwa herufi. Watu wanakwama pale kwa sababu kwenye barua moja ni "Yohana", kwenye nyingine "Johana", na kwa kompyuta hao ni watu wawili.

Mkupuo nao usiupigie hesabu za kaka yako aliyestaafu zamani na nusu yake mkononi. Kikokotoo, yaani sehemu ya mafao unayopewa kwa mkupuo, kiliwekwa asilimia 33 kwa wote mwaka 2022, kelele zikapigwa, na kwenye bajeti ya 2024 kikapandishwa: 40 kwa kundi lililokuwa likipata 50 zamani, 35 kwa waliokuwa wakipata 25. Kinachobaki ndiyo pensheni yako ya kila mwezi. Jua uko kundi gani kabla hujamwahidi shemeji gari.

Hilo la makabidhiano nakubaliana nalo, na nakuongezea. Siku ya kwanza ya kustaafu niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikanyoa ndevu, nikavaa, nikakaa sebuleni. Mke wangu akauliza naenda wapi. Kwa hiyo ofisi nilikuwa nimeikabidhi, ila mwili ulikuwa haujasaini.

Binti wa Ihumwa

Mbukwenyi.

Naona mnazungumza kana kwamba kuhama ni habari ya wanaokuja na malori. Kuna sisi tuliohamiwa.

Bibi yangu mzaa baba alihamishwa mara ya kwanza 1971, Operesheni Dodoma, baada ya ule ukame. Walikuwa kwenye matembe yao yaliyotawanyika, kila ukoo na zizi lake, wakapangwa kwa mistari kijijini. Alitusimulia kwamba tembe lile waliliacha zima na udongo wake juu, kwa sababu walijua watarudi. Hawakurudi. Shamba la uwele alilokuja kulifungua baadaye, upande huu wa mashariki ya mji, ndilo hilo lililopimwa jiji lilipotufikia.

Wathamini walikuja, vijana wenye adabu kabisa, shikamoo bibi, shikamoo bibi. Wakahesabu miti, nyumba, kisima na makaburi. Fidia ilichelewa lakini ilitoka, sitaki kuleta ugomvi humu. Mabaki ya babu na ya watoto wawili yakafukuliwa yakahamishwa. Mchungaji aliomba, na alipoondoka wazee wa ukoo nao wakafanya ya kwao. Kwa hiyo kuaga kulikuwepo, Mtumishi, hadi kwa marehemu.

Kukabidhi ndiko hakukuwepo. Bibi alijua lile korongo likikauka unachimba wapi mchangani ukutane na maji, na wapi utachimba hadi kiunoni usipate kitu. Alijua mvua za Desemba zikija kwa nguvu maji yanapita wapi, hata kama kwa miaka mitano mfululizo hayajapita. Alijua mlenda wa porini unaota upande gani. Hakuna aliyekaa naye na daftari. Leo juu ya njia ile ya maji kuna nyumba za kupangisha, nzuri, za vigae, na mvua ikikaza wapangaji wanapiga picha maji yakiingia sebuleni na kulalamika mitandaoni.

Bibi angewaambia bure.

Mtumishi wa Kisasa

Mbukwa, binti. Hapa umenifunga mdomo. Naomba kuuliza: bibi bado yupo?

Binti wa Ihumwa

Yupo. Anakaa na shangazi upande wa Chamwino. Macho hayaoni vizuri ila mdomo uko kamili.

Katekista wa Kigango

Tumsifu Yesu Kristo.

Ndugu Mtumishi, usiyaweke makanisa yote kwenye kapu moja. Kwetu padri anahamishwa kila baada ya muda na parokia haitikisiki. Askofu mwenyewe akitimiza miaka 75 anaandika barua kwa Papa kuomba kupumzika, paroko naye kwa askofu wake. Ukibatizwa Kondoa ukaja kufunga ndoa Dodoma, taarifa inarudi Kondoa inaandikwa pembeni ya jina lako kwenye kitabu cha ubatizo. Kitabu hakilali chini ya kitanda cha mtu.

Tatizo letu liko kwingine. Padri anaondoka, lakini mwenyekiti wa jumuiya haondoki. Kuna wenyeviti ninaowajua, uchaguzi ukifika anaugua, uchaguzi ukiahirishwa anapona. Mapadri watatu wanapita, yeye yupo, na kila anayefika anaambiwa, "Baba, hapa hatufanyagi hivyo."

Mjukuu wa Mvumi

Milele amina, katekista, ingawa mimi Mwanglikana.

Mfano wa kukabidhi tunao hapahapa. Askofu Alfred Stanway aliongoza Dayosisi ya Central Tanganyika tangu 1951. Mwaka 1971 akamwachia Yohana Madinda, Mwafrika wa kwanza kuishika dayosisi hiyo. Na Stanway hakujijengea nyumba nyuma ya kanisa kuu ili awe anachungulia dirishani nani kaingia ofisini. Aliondoka kweli, na baadaye, mtu mzima yule, akaenda Marekani kuanzisha chuo cha theolojia kule Pennsylvania. Anayekabidhi vizuri ana mahali pa kwenda. Wengi wetu tunang'ang'ania kwa sababu hatuna pa kwenda, hiyo ndiyo siri.

Msema Kweli wa Area D

Sikubaliani. Kuondoka haraka si kukabidhi, ni kukimbia lawama. Mwalimu aliacha urais 1985 lakini uenyekiti wa chama akabaki nao hadi 1990. Miaka mitano hiyo Mzee Mwinyi alikuwa na mtu wa kumuuliza. Nchi haikuyumba. Kwa mantiki ya Mjukuu wa Mvumi angetakiwa siku ileile ahamie Butiama azime redio.

Mjukuu wa Mvumi

Au Mzee Mwinyi alikuwa na mtu anayemwangalia begani. Inategemea nani anasimulia.

Msema Kweli wa Area D

Haya, hapo sawa. Lakini bado nachagua kuangaliwa begani kuliko kuachiwa funguo tisa bila kuambiwa upi wa mlango upi.

Mama Lishe Nzuguni

Jamani mimi sina maneno ya vitabu. Nimekuwa nikiuza chakula stendi tangu mabasi yanaingia katikati ya mji. Stendi ikahama, nikahama. Ikahama tena, nikahama. Sasa tuko Nzuguni na soko kubwa liko jirani, siwezi kusema pabaya, kuna paa na kuna maji.

Lakini nyie mnaosema jiji halikabidhi, mnajua nini kilinipotea? Daftari la madeni. Daftari lenyewe ninalo, watu ndio sina. Makonda na wapiga debe walikuwa wanakula kwa wiki nzima wanalipa Jumamosi, nawajua kwa majina ya utani tu. Stendi ilipohama wengine wakabadilisha njia, wengine wakaacha kazi. Nina kurasa zimejaa "Mchina, wali nyama, mara mbili", "Dogo wa Singida, supu". Nikadai wapi? Sasa hivi kila mtu analipa kwanza ndipo namimina. Wateja wapya wananiona mkali. Si ukali.

Na treni hii mpya ilianza kufika huku Julai 2024. Mtu anapanda Dar, baada ya saa tatu na nusu hivi za safari yuko Dodoma, hana njaa hata ya kukuangalia. Abiria wa basi alikuwa anashuka hapa kachoka, tumbo linamuuma kwa njaa, anakula bila kuuliza bei. Kaka mtumishi, ukistaafu pita na mama watoto mle wali, ila uje na hela taslimu.

Kijana wa Mkataba

Shikamooni wazee wangu.

Nawasoma kwa wivu kidogo. Ninyi mwisho wenu ni mmoja na una tarehe. Mimi nimemaliza UDOM, nikajitolea ofisi moja, nikapata mkataba wa mwaka, ukahuishwa, safari hii sijui. Kila mwaka wa fedha ukikaribia kuisha tarehe 30 Juni tumbo linanivuruga. Nimeshakabidhi laptopu ya ofisi na kurudishiwa mara kadhaa. Hakuna kwaya, hakuna mbuzi, hakuna risala. Siku ukiisha kweli nitajua kwa sababu kitasa cha mlango kitakataa alama ya kidole changu.

Halafu mnasema wenye maarifa wanaondoka nayo. Na ni kweli, mzee mmoja wa idara yetu alistaafu bila kutuambia chochote. Lakini tuwe wakweli, alikuwa anatuita "watoto wa gugo" na tulipomuuliza kitu alisema tukatafute huko gugo. Kukabidhi kunahitaji mtu anayeheshimu anayepokea.

Mzee wa Masijala

Kijana, marahaba. Umesema jambo ambalo wazee humu tutaruka kimyakimya, kwa hiyo nalijibu. Kuna kuogopa. Ukimfundisha kijana kila kitu leo, kesho wanaona hawakuhitaji hata ile miezi iliyobaki. Nimekaa masijala miaka mingi, nimeona watu wanaficha mafaili kwa makusudi ili waitwe. Simu ya kuitwa ndiyo heshima yao. Yule mzee wa mchicha aliyetajwa mwanzoni, labda naye jalada aliliacha mahali anapopajua peke yake.

Mtumishi wa Kisasa

Mzee wa Masijala umenichekesha kisha ukaniumiza. Inawezekana kabisa.

Nimewasoma wote. Nabadilisha kidogo nilivyosema. Nilidhani tatizo ni kwamba hakuna utaratibu. Utaratibu upo, kila mahali kuna fomu, hadi makaburi yana fomu. Kinachokosekana ni muda wa watu wawili, anayetoka na anayeingia, kukaa pamoja wote wakiwa hai na wote wakiwa na kazi. Ofisini kwetu mtu anastaafu, nafasi inakaa wazi, kibali cha ajira kinachukua muda wake, mrithi anafika wakati mwenzake ameshakuwa mkulima. Umkabidhi nani? Kiti? Kanisani mchungaji anayetoka na anayeingia wanapishana barabarani, gari la mizigo moja linapeleka na kurudisha. Na kwa bibi yake Binti wa Ihumwa, anayeingia hakujua hata kama kuna mtu anatoka.

Basi nimefanya mawili. Kwenye kamati ya zawadi nimependekeza friji tuliache, hela hiyo imlipie mchungaji mpya nauli na malazi aje wiki moja kabla, wakae na mwenzake, wapite mitaa yote, wapite na kwa mwenye duka la mabati. Kamati imenikatalia friji. Wamesema mchungaji haagwi mikono mitupu, Umoja wa Mama wameshachanga, na kwamba mimi nina roho ya kiserikali. Lakini nauli ya mchungaji mpya wamekubali tuichangie pembeni. Friji linabaki, wiki ya kukaa pamoja imepatikana.

Kazini kuna binti wa mkataba, anafanana na habari za Kijana hapo juu. Hana cheo cha kupokea ofisi yangu na hatakuwa nacho karibuni. Nimeanza kwenda naye kila ninakokwenda. Wenzangu wananiuliza ni mwanao? Nawaambia ndiyo masijala yangu.

La Tukuyu bado. Mama watoto anasema huku tumezika rafiki, tumeozesha, na kanisa letu liko huku. Kule tuna shamba la ndizi na wadogo zangu ambao wameshaligawana kwenye maneno. Watoto wenyewe wakiulizwa kwao ni wapi wanasema Dodoma bila kufikiri, wakati mimi nilikuja mtu mzima na bado nikisikia vumbi la Agosti nalalamika kama mgeni.

Binti wa Ihumwa

Mgeni anayelalamikia vumbi baada ya miaka yote hii ameshakuwa mwenyeji. Sisi wenyeji ndio tunaolilalamikia zaidi.

Na kama hiyo wiki ya wachungaji itafanyika, mwambieni huyo mpya nikampeleke kwa bibi siku moja. Simaanishi maombi. Akamweleze bibi kanisa jipya mnalotaka kujenga mmepata kiwanja wapi. Msije mkaweka madhabahu kwenye njia ya maji.

Mtumishi wa Kisasa

Hilo nalipeleka kamati ya ujenzi kama lilivyo. Kiwanja chenyewe kiko bondeni, sasa nimeanza kuogopa.

Mzee wa Masijala, shikamoo tena. Nimekwenda kutazama barua zangu kama ulivyoshauri. Ya ajira ya kwanza jina la kati lina herufi moja pungufu, nyingine zote ziko sawa. Inatosha kiapo cha majina kwa wakili au nianze na kwa mwajiri?

Mzee wa Masijala

Marahaba. Anza kwa mwajiri akuandikie barua ya kukutambua, kisha kiapo, kisha peleka vyote pamoja PSSSF na ubaki na nakala zilizogongwa muhuri wa kupokelewa. Na umchukue yule binti wako wa mkataba aone inavyofanyika. Wahi asubuhi, saa tatu foleni imeshajaa wastaafu wa Kongwa.

Kambi Popote

Mimi bado nipo. Mama Lishe, Nzuguni upande upi? Nina njaa na nina hela taslimu.